Ngumu kwa Lipi? Sifa za Vitu Yabisi na Kuta za Lamu

Mvua za masika zilipokatika, ukuta wa nyumba moja ya kale mtaani Mkomani, mjini Lamu, uliachia plasta yake. Kipande kikubwa kama mlango kilibanduka na kuangukia kichochoroni, na kwa bahati njema hapakuwa na mpita njia wala punda. Plasta hiyo ilikuwa ya simiti, imepigwa miaka michache tu iliyopita juu ya mawe ya matumbawe yaliyosimama hapo vizazi kadhaa. Jioni ile mjadala ulipamba moto barazani. Mmoja alisema simiti ilikuwa kidogo, mwingine akasema mchanga ulikuwa mbaya, na wote wakakubaliana kwamba dawa ni kuipiga tena, nene zaidi na yenye simiti nyingi zaidi, kwa sababu simiti ni ngumu kuliko chokaa. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Ni ngumu kwa lipi, wanangu?"

Hakupata jibu, na swali lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Neno "ngumu" katika mazungumzo yetu hubeba mizigo mingi kwa wakati mmoja. Twasema mbao ngumu, mkate mgumu, chuma kigumu na ardhi ngumu, na kila mara tunamaanisha jambo lililo tofauti kidogo. Sokoni hilo halina madhara. Katika ujenzi, katika uundaji wa vyombo vya bahari na hata katika kuchagua kamba ya nanga, mchanganyiko huo wa maana huleta hasara, na mara nyingine huleta maafa. Wanafizikia wamelazimika kuligawa neno hilo katika sifa kadhaa, na hapa nitashughulika na nne. Ya kwanza ni ukakamavu, yaani kitu kinavyokataa kunyooshwa au kupindwa. Ya pili ni uimara, yaani mzigo ambao kitu kinaweza kuubeba kabla hakijashindwa. Ya tatu ni ugumu wenyewe kwa maana yake finyu, yaani kitu kinavyokataa kukwaruzwa na kubonyezwa. Ya nne ni ushupavu, yaani kitu kinavyostahimili pigo na kuzuia ufa usienee. Kitu kimoja kinaweza kuwa na sifa moja kwa wingi na kukosa nyingine kabisa.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawaliamini wanapolisikia mara ya kwanza: hakuna kitu yabisi kisichopinda. Paka wa kilo 4 akikaa katikati ya boriti ya mkoko yenye unene wa sentimita 12 na urefu wa mita mbili na nusu, boriti hiyo hushuka kwa kiasi kinachokaribia unene wa karatasi. Jicho halioni, lakini boriti imepinda kweli, na paka akiondoka itarudi. Ndani ya kila kitu yabisi kuna atomi zilizoshikana kana kwamba zimeunganishwa kwa springi ndogo mno, hivyo ukizisogeza karibu husukumana, na ukizitenga huvutana. Ukuta hubeba paa kwa sababu umebonyea kidogo sana, na kule kubonyea ndiko kunakozalisha nguvu ya kulisukuma paa juu. Ukuta usiobonyea hata chembe usingeweza kubeba kitu chochote.

Sasa tuchukue gunia la simiti la kilo 50 na kulitundika kwenye waya wa chuma wenye urefu wa mita 10 na kipenyo cha milimita 2. Uzito wa gunia ni kama newtoni 500 (newtoni ni kipimo cha nguvu), na eneo la waya ukiukata na kuutazama kwa mbele ni milimita za mraba 3 na kitu. Tukigawanya uzito kwa eneo tunapata takriban newtoni 160 kwa kila milimita ya mraba. Hesabu hiyo, yaani nguvu iliyogawanywa kwa eneo linaloibeba, ndiyo inayoitwa mkazo. Ukitumia waya mnene zaidi, gunia ni lile lile lakini mkazo unapungua, kwa kuwa mzigo umegawiwa wabebaji wengi zaidi. Waya ule utarefuka kwa milimita 8 hivi. Milimita 8 kati ya mita 10 ni sehemu 8 kati ya 10,000, na uwiano huo wa urefu ulioongezeka kwa urefu wa awali ndio mnyumbuko. Ukitundika gunia hilo hilo kwenye mshipi wa kuvulia wa nailoni wenye unene na urefu huo huo, utaona mshipi unarefuka zaidi ya nusu mita. Mkazo haukubadilika. Kilichobadilika ni ukakamavu wa kitu kinachobeba.

Robert Hooke wa Uingereza ndiye aliyetangaza mwaka 1678 kwamba kitu hurefuka kwa kadiri ya nguvu inayokivuta: ukiongeza mzigo mara mbili, kinarefuka mara mbili. Miaka miwili kabla alikuwa ameichapisha kanuni hiyo kwa herufi zilizopanguliwa, ili aweke alama kwamba yeye ndiye wa kwanza bila kuwapa wenzake siri yenyewe. Kanuni ya Hooke hushika hadi kikomo fulani. Chini ya kikomo hicho, ukiondoa mzigo kitu hurudi kama kilivyokuwa, na hali hiyo ndiyo unyumbufu. Ukivuka kikomo, kitu kama chuma au shaba hubaki kimepinda, na kitu kama kioo huvunjika papo hapo.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, kwa sababu vitabu vya shule husema kwamba chuma kina unyumbufu kuliko mpira. Mtoto aliyezoea manati hawezi kulikubali hilo, na mimi simlaumu, kwa maana sentensi yenyewe imewekwa vibaya. Mpira huvutika hadi mara kadhaa ya urefu wake na bado ukarudi. Chuma hakiwezi hata kidogo. Kinachokusudiwa ni kwamba ili kupata mnyumbuko ule ule, chuma hudai mkazo mkubwa zaidi maelfu ya mara. Hilo ni suala la ukakamavu, na lingefundishwa kwa jina hilo lisingemchanganya mtu. Kipimo chake huitwa moduli ya Young, kwa jina la Mwingereza Thomas Young aliyeieleza mwaka 1807. Kwa newtoni kwa milimita ya mraba, chuma kina takriban 200,000, kioo 70,000, zege 30,000, mbao nyingi karibu 10,000, na nailoni elfu mbili au tatu. Zingatia kwamba kioo ni kikakamavu kuliko zege, na kwa hakika kuliko mbao, lakini hakuna fundi mwenye akili timamu atakayeezeka nyumba juu ya boriti za kioo. Ukakamavu haukuambii kitu kitavunjika lini.

Uimara ndio unaoeleza hilo, nao una upande wake wa kutatanisha, kwa sababu kitu kinaweza kuwa imara kikibanwa na dhaifu kikivutwa. Jiwe la matumbawe, chokaa na zege ni vitu vya kubanwa. Zege la kawaida la nyumba hustahimili mkazo wa kubanwa wa newtoni 20 hadi 40 kwa milimita ya mraba, lakini likivutwa hukatika kwenye takriban sehemu moja ya kumi ya hapo. Ndiyo maana wazee waliojenga kwa mawe walizifanya kuta kuwa nene kiasi cha nusu mita au karibu na hapo, wakaacha mzigo wote ushuke chini kwa kubana, jiwe juu ya jiwe. Kamba ni kinyume chake: ukiivuta hubeba, ukiisukuma hujikunja tu.

Boriti, kwa upande wake, hupata yote mawili kwa pamoja. Chukua tawi bichi ulikunje juu ya goti, utaona gamba la upande wa nje linachanika na la upande wa ndani linajikunjakunja. Boriti ya darini hufanya vivyo hivyo: upande wake wa juu hubanwa, wa chini huvutwa, na katikati pana mstari usiovutwa wala kubanwa. Kazi kubwa hufanywa na sehemu zilizo mbali na mstari huo. Galileo, katika kazi aliyoitoa mwaka 1638, alieleza kwa nini ubao uliosimamishwa kwa ubavu hubeba zaidi kuliko uliolazwa, na sababu ni hiyo hiyo, kwamba ukiusimamisha mbao nyingi hukaa mbali na mstari wa kati. Kwa boriti ya mviringo, ukizidisha kipenyo mara mbili ukakamavu wake wa kupinda huongezeka mara 16 na uimara wake mara 8. Wakataji wa mikoko wa Lamu walizipanga fito, pau, mazio, boriti na nguzo kwa unene muda mrefu kabla ya hesabu hizo kuandikwa darasani, na kila daraja lilikuwa na bei yake na kazi yake.

Urefu huadhibu kwa kasi kama hiyo. Mtu wa kilo 70 akisimama katikati ya ile boriti yetu ya mita mbili na nusu, itashuka kama milimita moja na nusu. Refusha boriti iwe mita 5 bila kuongeza unene, na mtu yule yule ataishusha mara 8 zaidi, yaani sentimita moja na zaidi. Tena dari la Lamu lina mawe na chokaa juu yake kote, si mtu mmoja tu, na kwa mzigo uliotandazwa hivyo, kurefusha boriti mara mbili huongeza mpindo mara 16. Mgeni akiingia katika nyumba ya kale hushangaa kuona vyumba virefu sana lakini vyembamba, vyenye upana wa mita mbili na nusu hadi tatu. Husemwa kwamba mikoko haikui mirefu, na ni kweli kwamba boriti nzuri iliyonyooka haipatikani kwa urefu wowote utakao. Lakini hata kama ingepatikana, dari lingelegea. Mzigo wa kudumu huipinda mbao polepole, mwaka baada ya mwaka, hata kama siku ya kwanza mpindo ulikuwa mdogo, ndiyo maana baadhi ya madari ya kale yameshuka katikati kama chandarua kilicholegea ilhali hakuna boriti iliyovunjika.

Zege lenye vyuma ndani, yaani nondo, ni ndoa ya kitu cha kubanwa na kitu cha kuvutwa, na ndoa hiyo inawezekana kwa sababu chuma na zege hutanuka kwa joto kwa viwango vinavyokaribiana. Katika boriti ya zege iliyoegemea kuta pande zote mbili, nondo za kubeba huwekwa chini, kwa kuwa chini ndiko kunakovutwa. Katika roshani inayochomoza nje ya ukuta bila nguzo mambo hupinduka: upande wa juu ndio unaovutwa, na nondo lazima ziwe juu. Nimeona roshani ambayo vyuma vyake vilitandikwa chini kabisa kwa mazoea, na mwenye nyumba akaambiwa kwamba zege ni nene, asiwe na wasiwasi. Kwa roshani ya namna hiyo unene wa zege hauokoi, kwa sababu ufa unaanzia juu, mahali pasipo na chuma cha kuuzuia. Jambo hili nalisisitiza hata likichosha masikio, maana halionekani tena zege likishamwagwa.

Ugumu kwa maana yake finyu ni rahisi zaidi kueleza. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini 10 kwa kuangalia ni lipi linaloweza kulikwaruza jingine. Ulanga, laini kama sabuni, alilipa namba 1, na almasi namba 10. Kucha ya mtu iko kwenye 2 na nusu hivi, kalisaiti ambayo ndiyo madini ya chokaa iliyokomaa ni 3, kioo cha dirisha kama 5 na nusu, na kwatzi, ambayo imejaa katika mchanga, ni 7. Mchanga wa kwatzi ukipeperushwa na kaskazi miaka mingi unaweza kukifisha kioo, lakini kioo hakiwezi kuukwaruza mchanga huo.

Dhana potofu iliyoenea ni kwamba kitu kigumu hakivunjiki. Almasi haikwaruzwi na jiwe lingine lolote la asili, na hata hivyo nyundo ya kawaida ikiipiga kwa njia iliyo sawa huipasua vipande. Kinyume chake, metali ya risasi ya nanga ya wavuvi hukwaruzika kwa kucha, lakini ipige nyundo mchana kutwa na itapondeka tu na kuwa bapa. Sonara anaijua tofauti hii mkononi. Fedha akiifua huanza laini, kisha kadiri anavyoipiga huzidi kuwa ngumu na kuanza kukataa, na asipoirudisha motoni kuilainisha itapasuka ukingoni. Kwa kuipiga ameiongezea ugumu na kuipunguzia ushupavu, na moto huirudishia hali yake.

Ushupavu ndio sifa ambayo lugha yetu ya kila siku huisahau zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo muhimu kuliko zote kwa usalama wa watu. Ili kuiona, nenda dukani kwa fundi wa vioo. Hutandika kitambaa mezani, hulaza kioo juu yake, huchovya kikatio chake katika mafuta ya taa, kisha hukipitisha mara moja tu, bila kurudia, na kioo hutoa sauti kama karatasi inayochanwa taratibu. Alama inayobaki ni nyembamba kama unywele na haifiki hata nusu ya unene wa kioo. Kisha hukisogeza hadi ukingoni mwa meza, hukishika pande mbili kwa vidole, hukikunja kidogo, na kioo kizima huachana kwenye mstari ule ule. Hakutumia nguvu. Mkazo uliokuwa umetandaa katika kioo chote ulikusanyika kwenye ncha ya mkwaruzo, na kwa kuwa kioo hakina uwezo wa kupinda pale nchani na kuupoza, ufa ulisonga mbele wenyewe.

Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith ndiye aliyeitatua hesabu ya jambo hili mwaka 1921. Alivuta nyuzi za kioo nyembamba mno na kukuta kwamba kila uzi ulivyokuwa mwembamba ndivyo mkazo uliouvunja ulivyokuwa mkubwa, kwa sababu uzi mwembamba hauna nafasi ya kubeba ufa mkubwa. Maana yake ni kwamba kioo si dhaifu kwa asili. Kioo hudhoofishwa na mikwaruzo isiyoonekana iliyoko juu yake. Chuma laini kikipata ufa, atomi zake kwenye ncha ya ufa huteleza, chuma hupinda kidogo hapo, ncha inakuwa butu, na ufa unatulia. Kitu kinachopinda kabla ya kuvunjika hukupa ilani, kioo hakikupi.

Lakini hata chuma kinaweza kugeuka kama kioo. Tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini huko Portland, Marekani, maji yakiwa shwari. Chuma cha zama hizo kilipoteza ushupavu kwenye baridi. Tena mabamba ya meli yalikuwa yamechomelewa pamoja badala ya kufungwa kwa ribiti, yaani pini za chuma za kuunganishia mabamba, hivyo ufa ulioanzia mahali pamoja haukukuta mpaka wa kuuzuia. Ulipita kama unavyopita kwenye kioo kimoja kikubwa.

Nikiisoma habari hiyo hukumbuka mtepe, chombo cha visiwa vya Lamu ambacho mbao zake hazikupigwa msumari bali zilishonwa kwa kamba za usumba, na tanga lake lilikuwa mkeka. Vyombo vilivyoshonwa vilijulikana katika pwani yetu tangu karne ya 1, kama ilivyoandikwa kwa Kiyunani zama hizo. Wasafiri wa zamani walieneza hadithi kwamba baharini kuna majabali ya sumaku yanayong'oa misumari, na kwamba ndiyo sababu watu wa bahari hii waliogopa chuma. Marco Polo, katika karne ya 13, alitoa sababu tofauti alipozungumzia vyombo vya Hormuz, bandari ya Ghuba ya Uajemi: kwamba mbao zake zilikuwa ngumu mno na hupasuka kama chungu zikipigwa misumari. Sijui kama aliyajaribu mwenyewe, lakini kwa fizikia kauli yake ina mantiki kuliko ile ya sumaku, kwa maana msumari ni kabari, na kabari katika mbao ngumu isiyo na ushupavu huanzisha ufa unaofuata nyuzi za mti. Mshono wa usumba, ambao huvutika sana kabla ya kukatika, huziacha mbao zicheze kidogo wimbi linapozipiga au chombo kinapogusa mwamba. Na ubao mmoja ukipasuka, ufa hufika kwenye mshono na kuishia hapo. Mtepe haukuwa mkakamavu, na ulivuja kiasi cha kuhitaji kufutwa maji kila mara. Hayo yalikuwa malipo yake. Mafundi wa Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu, wanaounda majahazi kwa misumari leo hushughulika na tatizo lile lile kwa njia nyingine: hutoboa kwanza tundu la msumari kwa keke ili mbao isipasuke, na kwa mataruma, yaani mbavu za chombo, huchagua mti uliopinda wenyewe ulipokuwa ukikua, ili nyuzi zake zifuate umbo la chombo badala ya kukatwa na msumeno.

Kuna kushindwa kwingine kunakokuja bila mzigo mkubwa hata kidogo. Waya usioweza kuukata kwa mikono hukatika ukiukunja huku na huku mara kadhaa. Huo ni uchovu wa metali. August Wöhler wa Ujerumani aliuchunguza katika ekseli za magari ya reli katikati ya karne ya 19, akaonyesha kwamba mkazo mdogo unaorudiwa mara nyingi mno huvunja kile ambacho mkazo mkubwa wa mara moja haukukivunja. Mwenye boti ya mashine anayesema kwamba boliti ile imebeba mashine miaka mitano na kwa hiyo itabeba mingine mitano, hesabu yake iko kinyume. Miaka mitano ya mtikisiko ni sababu ya kuikagua boliti, haiwi sababu ya kuiamini.

Sasa turudi Mkomani. Mawe ya ukuta ule ni matumbawe, yenye vitundu vingi vinavyofyonza maji kutoka ardhini na kutoka mvuani, na maji hayo yana chumvi. Mawe yameunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Chokaa mbichi ukutani huvuta hewa ya kaboni dioksaidi polepole, kwa wiki na miezi, na kurudi kuwa madini yale yale ya jiwe lililochomwa. Ni laini kuliko simiti, haina uimara mkubwa, na haina ukakamavu mkubwa. Kwa sababu hiyo hasa, ukuta unapotanuka mchana na kunywea usiku, au msingi unaposogea kidogo, chokaa husogea nao. Ikipata nyufa ndogo, maji ya mvua huyeyusha chembe za chokaa na kuziacha tena ndani ya ufa. Na vitundu vyake huacha unyevu utoke nje.

Plasta ya simiti juu ya ukuta kama huo ni bamba lililo gumu, imara na kakamavu kuliko kilicho nyuma yake. Ukuta ukisogea, bamba halisogei; mkazo unakusanyika baina yao, na nyufa nyembamba hutokea. Mvua inaingia kwa nyufa hizo, lakini haipati njia ya kutoka kwa sababu simiti imeziba. Maji yanajitahidi kukauka nyuma ya plasta, chumvi inabaki ndani ya vitundu vya jiwe na kuganda kuwa fuwele, na fuwele zinazokua ndani ya tundu dogo husukuma kuta za tundu hilo kwa nguvu ya kulipasua jiwe. Kipande kilichoanguka kichochoroni nilikigeuza kwa mguu, kisha nikainama nikakishika. Upande wa nje ulikuwa mzima, laini, unalia ukiugonga kama kigae. Upande wa ndani ulikuwa umebandua tabaka la jiwe lenye unene wa kidole, jeupe kwa chumvi, linalomomonyoka kwa kulisugua tu. Simiti haikuvunjika. Kilichovunjika ni ukuta ulioikumbatia.

Wale waliolaumu uchache wa simiti walikuwa wakitaka kuongeza kile kile kilicholeta madhara. Waliolaumu mchanga walikuwa na hoja, ingawa hoja hiyo huuma zaidi mahali penye nondo. Mchanga wa pwani usiooshwa huingiza chumvi ndani ya zege, chumvi huondoa ngozi nyembamba inayokikinga chuma, na kutu inayotokea huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa. Zege halistahimili kuvutwa, kama tulivyoona, nayo kutu hulivuta kutoka ndani hadi lipasuke kando ya nondo. Mistari ya nyufa iliyonyooka chini ya dari la zege, yenye rangi ya chai, ni kutu ikijitangaza. Na dhana kwamba simiti "hukauka" ili iwe ngumu ni ya kuachwa kabisa, kwa kuwa simiti hukomaa kwa kuungana na maji. Ikinyimwa maji wiki ya kwanza chini ya jua letu, haitafikia uimara unaopimwa siku ya 28 hata ungeweka mifuko mingapi.

Mwenye nyumba, baada ya mashauriano marefu, aliamua kubandua simiti yote iliyosalia na kupiga chokaa. Fundi alisugua mawe kwa brashi hadi chumvi ikaisha, akayalowesha, akapiga tabaka jembamba, akasubiri, akapiga la pili, na kulitundikia magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiikaushe chokaa kabla haijashika. Majirani walipita wakiuliza kazi itaisha lini. Wiki ya tatu nilisimama pale asubuhi nikabonyeza ukucha kwenye plasta mpya, na ukaacha alama. Lakini ile baka nyeusi ya unyevu, iliyokuwa imepanda hadi usawa wa dirisha, ilikuwa imeshuka hadi magotini.